Chanja Juu ya Boti

Kiliani hakuwa mtu wa kukaguliwa kazi. Aliporudi kutoka kula mchana akamkuta shemeji yake Scolastika amepiga magoti chini ya boti, kanga kaifunga juu ya sketi, anapima ubao mmoja mmoja kwa futi ya fundi cherehani, aliuliza kabla ya salamu:

"Umepoteza nini huko chini?"

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu. Natafuta uzito wa boti."

"Ibebe, utaujua."

Scolastika alicheka, akaandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, akahamia ubao wa pili. Kiliani akachukua randa yake akaanza kazi kwa kelele kubwa kuliko kawaida.

Huyu Scolastika alikuwa mdogo wa mke wake, Marselina. Wote wawili walizaliwa Kitura, huko juu kwenye kahawa, na Kiliani alipomwoa Marselina na kumteremsha hadi Mbamba Bay, watani wake wa ziwani walimwambia ameoa mwanamke anayejua maji ya kwenye ndoo tu. Marselina alijifunza kuogelea mwaka huohuo ili kuwanyamazisha. Scolastika hajajifunza hadi leo. Alikuwa mwalimu wa fizikia sekondari, mjini Mbinga. Kila likizo alishuka na basi kwa dada yake, na ziwani hakuzidi pale ambapo maji yanafika magotini. Yakifika hapo, alishika nguo ya dada yake kama mtoto.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa chini ya boti ya Kiliani na futi ya kushonea.

Na haikuwa boti ya kawaida. Ilikuwa ya kikundi cha akina mama wauza usipa, na mwenyekiti wao, Mama Kunigunda, alikuwa amekuja na wazo ambalo pwani nzima ililisifu. Usipa ni samaki mdogo kama kidole. Asipokauka vizuri siku ya kwanza ananuka, na akianikwa mchangani wateja wa Mbinga wanamtema pamoja na mchanga. Vijiji ambako akina mama walinunua usipa vilikuwa mbali, vingine havina barabara, na njia ya kurudi kwa maji ilikula jua lote la siku. Kunigunda akasema: basi boti itembee na samaki wakauke. Tujenge chanja juu ya boti, boti nzima kutoka mbele hadi nyuma, juu kiasi cha mtu kusimama na beseni kichwani. Usipa waanikwe juu, sisi tukae chini kwenye kivuli chao. Tukifika Mbamba Bay, wamekauka.

Kiliani aliposikia aliona wivu kwamba halikuwa wazo lake. Kisha akalijenga vizuri kuliko alivyoombwa. Nguzo alizifunga kwa boliti, fito akazipanga karibu karibu, na kila aliyepita ufukweni alisimama akatazama juu. Watu wa Liuli walikwisha kutuma mtu kuuliza kama anaweza kuwajengea nyingine.

Jioni ile aliikuta simu ya Scolastika barazani, imeegeshwa kwenye kopo la rangi, na mbele yake Scolastika ameketi kwenye kigoda. Ndani ya simu mzungu mmoja mwenye shati lililokunjamana alikuwa akichora ubaoni kwa chaki. Kiliani alipita, kisha akarudi hatua moja. Mzungu alikuwa anachora boti. Si picha ya boti inavyoonekana ziwani. Alikuwa ameikata katikati kama mtu anavyokata papai, na kuonyesha mbavu zake, mkuku wake ulio uti wa mgongo wa boti, na mahali maji yanapofika. Kiliani hajui Kiingereza. Aliacha shule darasa la tano akaenda kushika tezo kwa baba yake. Lakini umbo lile alilijua kama anavyoijua sahani yake.

"Huyo ni fundi?" aliuliza.

"Ni profesa."

"Mbavu zake amezichora sawasawa."

"Anafundisha uhandisi wa bahari. Haya ni masomo ya uzamili, shemeji. Watu wenye digrii wanavuka bahari kwenda kuyasoma. Chuo chao kimeyaweka mtandaoni bure, anayetaka achukue."

"Bure kabisa?"

"Nalipia bando tu. Nayapakua Mbinga, huku nasikiliza."

"Wanakupa cheti?"

"Hapana."

"Mtihani wanasahihisha?"

"Wanaweka majibu. Najisahihisha mwenyewe."

"Mkuu wako wa shule atakuongezea mshahara?"

"Hata hajui."

Kiliani aliketi kwenye kizingiti. "Sasa ngoja nielewe. Wao hawakujui, wanakupa mali yao. Wewe hupati chochote, unahangaika. Nani mwenye kichaa hapo?"

Marselina, aliyekuwa anachambua mboga, alimjibu kwa niaba ya mdogo wake. "Amehangaika miaka miwili, baba. Muulize."

Scolastika akaeleza bila kujisifu. Alikuwa anatafuta mchoro wa kuwafundishia kidato cha kwanza kwa nini kitu kinaelea. Akaangukia somo hilo. Akafungua, asielewe hata mstari, kwa sababu hesabu zake zilikuwa ngeni. Akatafuta somo la hesabu hizo. Nalo lilikuwa hapohapo, bure. Nalo lilimshinda, akarudi nyuma tena kwenye hesabu za chini yake. Akakwea hivyo polepole, vipindi vikiisha shuleni, akimaliza kusahihisha madaftari ya watoto wa watu, hadi akamfikia tena mzungu wa shati lililokunjamana, na safari hii akamwelewa.

Kiliani alijua maana ya kufumua kazi na kuanza upya kwenye mkuku. Mafundi wengi hawawezi. Wanaziba ufa kwa pamba na lami na kumwomba Mungu.

Ndipo Scolastika akazima simu na kusema lililomleta.

"Shemeji, ile chanja iko juu mno. Ikijaa usipa wabichi, boti itapinduka."

Marselina aliacha mboga. Naye alikuwa mmoja wa kikundi, na safari ya kwanza alikuwa amekwisha kuomba nafasi.

"Nani kasema?" Kiliani aliuliza. "Huyo wa kwenye simu?"

"Hesabu zimesema. Kesho ikishuka majini nitakuonyesha. Nimechora mstari wa chaki ubavuni, mahali maji yatakapofika. Maji yakifika hapo, ujue uzito niliopigia hesabu ni wa kweli, na mengine nitakayosema uyasikilize."

"Na yasipofika?"

"Basi unicheke."

Asubuhi ufukwe ulijaa. Kunigunda alikuja na akina mama wake wote, yeye mbele, mnene, sauti yake inafika kabla yake. Habari ya mstari wa chaki ilikuwa imeenea.

"Fundi! Nasikia mmeleta mganga kutoka milimani anapiga ramli boti yangu?"

"Ni shemeji yangu. Mwalimu."

"Mwalimu wa ngoro au wa maji?" Watu wakaangua kicheko, maana ngoro ni yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, watu wa milimani kwao Scolastika, na hakuna Mnyasa wa ziwani anayeacha utani huo upite.

"Mama Mwenyekiti," Scolastika alijibu, "ngoro zetu zinazuia maji yasitoroke mlimani. Ninyi mnayo ziwa zima na hamjaweza kuyazuia yasiingie kwenye mitumbwi."

Kicheko kikahamia upande wa pili. Hata Kunigunda alicheka.

Wanaume wakaisukuma boti juu ya magogo, ikaingia ziwani, ikakaa. Kila mtu akakimbilia ubavuni. Maji yalikuwa yamepanda juu ya mstari wa chaki kwa upana wa kidole.

"Umekosea!" Kunigunda alipiga makofi. "Kidole kizima! Mwalimu, rudi kwenye kahawa!"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kiliani alijisikia nafuu, na nafuu ile ilimtia aibu kidogo. Akamtazama shemeji yake akitegemea kuona machozi. Scolastika alikuwa ameduwaa. Aliangalia mstari, akaangalia ziwa. Kisha, yeye asiyezidi magotini, akaingia hadi kiunoni, nguo zote mwilini, akachota maji kwa kiganja na kuyanywa.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi gani?" Kunigunda aliuliza. "Maji haya tunanywa toka tuzaliwe!"

"Ndiyo hilo!" Akageuka kwa watu wote, akapaza sauti kama yuko darasani. "Nimekosea, nisikilizeni. Mwalimu wangu anafundisha boti za baharini. Maji ya bahari yana chumvi, ni mazito, yanabeba zaidi. Nilichukua namba yake nikaileta ziwani kama ilivyo. Huku maji ni mepesi, kwa hiyo boti inazama zaidi. Sehemu kubwa ya kidole hicho ni chumvi. Sehemu ndogo ni boliti na misumari niliyoikadiria chini. Kosa ni langu, si lake."

Kiliani alisimama na mikono kiunoni. Katika kazi yake yote alikuwa hajasikia fundi akisema mbele ya wateja: nimekosea, na kosa liko hapa. Mafundi husema mbao zilikuwa mbichi. Husema misumari ni ya siku hizi. Mwanamke huyu alikuwa amelikamata kosa lake kwa masikio na kulionyesha watu kama mtu aonyeshavyo panya.

"Na hiyo maana yake nini kwa chanja?" aliuliza.

"Maana yake hali ni mbaya zaidi kidogo kuliko nilivyokwambia jana."

Aliomba timazi. Kiliani akaifuata mwenyewe, akaitundika ndani ya boti kama alivyoelekezwa, kizito chake cha risasi kikitumbukia kwenye ndoo ya maji ili kamba isiyumbe. Chini ya kamba Scolastika akaweka rula ya shule. Wakapakia mifuko ya mchanga, ikasogezwa upande huu, ikasogezwa upande ule, na kila mara alitazama kamba imehama kiasi gani kwenye rula, maana kadiri inavyohama ndivyo boti ilivyo rahisi kulala. Halafu akaomba magunia yaloweshwe na kutandazwa juu ya chanja, yawe badala ya usipa wabichi. Kunigunda alinung'unika kwamba magunia ni mazito kuliko usipa. Wakapima kwa mizani yake mwenyewe ya samaki. Usipa wakawa wazito zaidi.

"Sasa ibembezeni," Scolastika alisema. "Kama mnavyofanya siku zote."

Kuibembeza boti mpya ni desturi ya pale. Wenye boti husimama majini pande mbili, huivuta ubavu mmoja chini, kisha huiachia na kuitazama inavyorudi. Boti inayorudi kwa kushtuka huitwa kali, na akina mama huigunia. Inayorudi taratibu huitwa mpole, nayo hupigiwa vigelegele. Kiliani mwenyewe alijivunia upole wa boti zake.

Wakaivuta, wakaiachia. Boti ikalala kule upande wa pili, ikatulia, ikarudi polepole kama mama anayemgeuza mtoto aliyelala.

Vigelegele vikapasua anga. "Mpole!" Kunigunda alipiga kelele. "Mpole kama bibi harusi! Fundi, umetisha!"

Scolastika hakupiga kelele. Alimsogelea Kiliani majini, akamshika mkono wa shati. "Shemeji, usisikilize mdomo wao. Tazama mwisho wa mbembeo. Itazame pale inapogeukia."

"Tena!" Kiliani aliamuru.

Wakaivuta, wakaiachia. Safari hii hakutazama boti yote. Alitazama ukingo tu. Ukingo ulishuka hadi karibu na maji, na ulipofika huko ulisimama. Ulisimama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha ukakumbuka, ukarudi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Huo si upole. Boti haina nguvu ya kurudi, inajikongoja. Uzito uko juu, kwa hiyo hakuna kinachoivuta isimame. Hapa maji yametulia. Sasa pale inapotulia, ipe wimbi la pili. Au waweke akina mama wanaokimbilia upande mmoja kupungia watu mkono."

Kiliani alihisi baridi ya maji kiunoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alizifikiria boti zilizosifiwa kwa upole ufukweni na kupinduka wakati wa upepo wa mwera, na jinsi kila mara watu walivyoulaumu upepo. Akamtazama Marselina, aliyekuwa upande wa pili wa boti, mikono juu, anaimba na wenzake. Kesho kutwa mke wake angekaa chini ya chanja ile pamoja na akina mama wote hawa. Wateja wanasifu. Watu wa Liuli wanasubiri. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangelaumu mwera.

Alipanda kwenye boti, akatoka na msumeno.

Kelele zilikatika kama redio iliyoishiwa betri. "Fundi," Kunigunda aliuliza, "unafanya nini na msumeno kwenye boti yangu?"

"Naishusha chanja."

"Chanja yangu! Umesikia vigelegele?"

"Nimevisikia. Tulikuwa tunaipigia vigelegele boti inayotaka kulala."

"Kwa ajili ya kidole cha chumvi? Kwa ajili ya mzungu wa kwenye simu ambaye hajawahi kula usipa?"

"Mama Mwenyekiti, panda hapa." Alimpa mkono, akamvuta juu kwa shida, akamsimamisha kwenye ukingo chini ya magunia yaliyolowa. "Shika nguzo. Jamani, ivuteni na Mwenyekiti akiwa juu."

Wakaivuta. Boti ikaenda na Kunigunda, ikashuka, ikafika kule chini, ikasimama. Maji yalikuwa karibu na unyayo wake. Hakuna aliyepiga kigelegele. Ilisimama muda wa kutosha kwa mwanamke mwenye sauti kuliko wote pwani kuikosa sauti. Kisha ikarudi, kwa kujivuta.

"Nishusheni," alisema.

Aliposhuka na kukaa mchangani, ulimi ulimrudia. "Na usipa wangu watakauka wapi? Kichwani kwako?"

Scolastika alikuwa na jibu. Chanja ishuke hadi usawa wa ukingo, iwekwe sehemu ya mbele tu, na mizigo mizito ikae chini kabisa sakafuni. Watakauka nusu ya usipa, si wote.

"Nusu!" Kunigunda alilia. "Mwalimu, umeninyang'anya nusu!"

"Nimekunyang'anya nusu, mama. Ndiyo."

Hakumbembeleza wala hakumdanganya, na Kiliani aliona kwamba hilo ndilo lililompoza Kunigunda. Wakabishana kidogo juu ya urefu wa chanja mpya, hasira ikageuka kuwa mapatano. Kiliani alikata nguzo zake nzuri moja baada ya nyingine. Ilimuuma. Alikata hivyohivyo.

Siku ya safari ziwa lilikuwa na mawimbi ya kutosha. Kabla ya kupakia waliibembeza tena. Boti ikaruka kurudi, ikamwagia maji usoni kila aliyeishika.

"Kali!" akina mama waliguna.

"Kali kama mkwe," Kunigunda alisema, anajifuta. "Nitatapika njia nzima."

"Tapika, mama," Kiliani alimjibu. "Beseni unalo."

Marselina alipanda bila wasiwasi, hakumwangalia mumewe mara mbili. Injini ikakohoa, boti ikatoka. Kiliani na Scolastika walisimama ufukweni wakiitazama ikipanda wimbi, ikilala, na kila ikilala ikijinyanyua upesi, kwa hasira, kama mtu aliyekanyagwa mguu. Sauti ya Kunigunda akilaani ukoo mzima wa mafundi iliwafikia kwa muda mrefu.

"Yule profesa," Kiliani alisema, "ameambiwa?"

"Ameambiwa nini?"

"Kwamba mke wangu yuko pale."

"Hapana, shemeji. Hanijui. Tuko maelfu tunaomsikiliza, na kile kipindi alikifundisha zamani. Labda amestaafu."

Kiliani aliliwaza hilo. Mtu alisimama na chaki siku moja, huko asikokujua, shati halijapigwa pasi, akasema anachokijua hadi mwisho bila kuficha hata kidogo, akaenda zake nyumbani. Yeye Kiliani alikuwa na siri za kazi ambazo hakumfundisha hata mdogo wake.

"Hana akili ya biashara yule," alisema mwishowe.

"Hana," Scolastika alikubali.

"Anakuja na somo lingine lini?"

"Yako yote kwenye simu. Linalofuata ni la mawimbi."

"Usilianze peke yako. Utanieleza anachosema. Michoro nitaisoma mwenyewe."

Akaokota vipande vya nguzo vilivyobaki mchangani, akavibeba begani, wakapanda kwenda nyumbani kula.